Gari la Mombasa Jijini Nairobi

Msomaji mpenzi, nikikuambia kwamba kwa miaka kumi na sita familia yetu iliishi Nairobi ilhali gari letu liliishi Mombasa, utadhani nakutegea kitendawili. Gari hilo lililala uani petu katika mtaa wa Jamhuri kila usiku wa miaka hiyo yote, na mimi mwenyewe ndiye niliyelifuta vumbi kila Jumamosi asubuhi. Hata hivyo kauli yangu ni ya kweli, na mtu aliyenifumbulia fumbo hilo alilifumbua kwa bisibisi.

Lilikuwa Peugeot 504 lenye rangi ya chai ya maziwa. Baba alilinunua Mombasa mwaka 1984, alipokuwa karani kijana bandarini, kutoka kwa mtu aliyekuwa amelitumia miaka michache tu. Nambari yake ya usajili ilikuwa ya enzi za kabla ya mfululizo wa KAA, jambo lililotosha kuwafanya watoto wa jirani walihesabu miongoni mwa vitu vya kale. Gia zake zilikuwa penye usukani, si sakafuni, na kigeni aliyeketi mbele kwa mara ya kwanza alishangaa kumwona Baba akibadilisha gia mithili ya mtu anayepunga upepo. Aina hiyo ya gari ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Kwetu Kenya, magari hayo yaliunganishwa papo hapo Mombasa, na yale yenye mgongo mrefu na safu tatu za viti yakawa ndiyo miguu ya wasafiri wa masafa marefu kwa muda mrefu.

Baba hakujali sana hayo ya Ulaya. Kwake yeye, cheti cha kuzaliwa cha Peugeot kilikuwa ni mbio za Safari. Alipopata msikilizaji, hasa asiyeweza kuondoka, alianza mwaka 1963, Nick Nowicki aliposhinda kwa Peugeot 404 katika mashindano ambayo magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Halafu angekuja mwaka 1975, Ove Andersson aliposhinda kwa 504 yenyewe, kisha 1978, Jean-Pierre Nicolas. Mwisho wa simulizi angetazama gari lake uani kana kwamba nalo lilikuwapo.

Mwaka 1990 Baba alihamishiwa kituo cha makasha cha Embakasi. Mama naye akapata kazi ya ualimu karibu na Woodley, ndipo tukapanga nyumba Jamhuri. "Ni miaka miwili tu," Baba alisema. Kaka yangu mkubwa alibaki kwa nyanya yetu Mombasa ili asikatize masomo, maana ya nini kumhamisha mtoto kwa miaka miwili? Mimi nilikuwa mdogo, nikabebwa pamoja na vyombo.

Tangu mwezi wa kwanza gari likaanza kuugua. Lilikohoa asubuhi, likatoa moshi mweusi uliowaudhi waliokuwa wameanika nguo, na kunuka petroli kiasi kwamba leso za Mama zilinuka vivyo hivyo hata baada ya kufuliwa. Kwenye mwinuko wa Valley Road, matatu za kwenda Ngong zilitupita zikiwa zimejaa abiria, nao makondakta wakitupungia mkono wa pole. Likisimama kwenye taa za barabarani, lilitetemeka mpaka kioo cha ndani kikashindwa kuonyesha kitu. Baba hakulalamika hata mara moja. Alibadilisha plagi, akaziosha zile za zamani kwa brashi ya waya, akaziweka akiba.

Lakini ajabu ilikuwa hii. Kila Desemba tulipoteremka Pwani kwa mapumziko, ugonjwa ulianza kupungua Mtito Andei. Tukifika Voi, gari lilikuwa limeacha kukohoa. Tulipopita Mariakani lilikwenda kama maji mteremkoni, na Baba akaanza kuimba. "Limenusa nyumbani," alituambia, nasi watoto tuliamini. Nami sikuacha kuamini hata nilipokuwa mtu mzima, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, niliyefundishwa kutilia shaka kila kitu isipokuwa maneno ya Baba.

Mambo yalibadilika Januari 2006. Mataifa ya Afrika yaliyo kusini mwa Sahara yalikuwa yamekubaliana Dakar, Juni 2001, kuacha petroli yenye risasi, na muda ulipowadia mafuta hayo yakatoweka vituoni. Risasi ile ilitiwa ili petroli isilipuke kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na pia ilifunika vikalio vya vali visiliwe. Ila iliwadhuru watu, hasa ubongo wa watoto, na mitaa iliyokaa kando ya barabara kubwa kama yetu ilivuta sehemu yake. Hakuna mwenye akili aliyeililia. Hata hivyo, miongoni mwa wenye magari makuukuu kulizuka hofu. Ilisemekana petroli mpya ingeyamaliza magari ya zamani katika muda wa miezi. Gari letu lilipozidi kukohoa mwezi huo, Mama alikata shauri: ama lipelekwe kwa fundi, ama auziwe mnunuzi wa vyuma chakavu. Baba, ambaye alikuwa amestaafu tangu 2004 na sasa alikuwa akingoja Mama naye astaafu "ili turudi", alinitupia ufunguo bila kusema neno.

Fundi alikuwa na gereji yake ya jua kali upande wa Dagoretti Corner, chini ya mjakaranda uliomwaga maua yake juu ya magari bila ubaguzi. Nilimpa shikamoo. Vijana wake walicheka, kwa kuwa salamu hiyo haikuzoeleka pale, lakini yeye aliitikia marahaba kwa utulivu, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mzee, nimeleta gari. Petroli mpya imeliharibu."

"Imeliharibu lini?"

Nikafikiri kidogo. "Tangu 1990."

Alinitazama kwa muda. Kisha akafungua boneti, akasikiliza injini ikinguruma, akaenda nyuma, akachovya kidole ndani ya bomba la moshi, akakitoa kikiwa cheusi ti. "Binti yangu," akasema, "petroli haina kesi. Vikalio vya vali katika injini hii ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa kwenye hedi ya alumini. Havitaliwa leo wala kesho. Hili gari limevimbiwa."

Neno hilo sikulisahau. Lazima nikiri hapa kwamba nilikuwa nimekwenda gerejini na nia ya pili. Mhadhiri wetu alikuwa ametuagiza tukusanye istilahi za kazi moja yoyote, nami nilikuwa na daftari mkobani. Nilidhani nitaandika maneno kama kabureta, plagi, tapeti na gasketi, yaani maneno ya Kizungu yaliyovishwa kanzu, halafu nilalamike katika utangulizi wangu kuhusu uhaba wa msamiati. Maneno hayo nilipata, tena mengi. Lakini fundi alipohitaji kueleza tabia ya injini, aliyaweka kando akaingia jikoni. Injini inayopata petroli nyingi kuliko hewa imevimbiwa. Inayopata hewa nyingi kuliko petroli ina njaa. Iliyo sawa imekula vizuri. Cheche inayochelewa imeamka baada ya jua kutoka. Vitabu vingeniambia niseme mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi, na sina ugomvi na vitabu, ila hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyehitaji kuelezwa mara ya pili maana ya kuvimbiwa.

Aliniruhusu nifanye kazi naye kila Jumamosi, kwanza kwa sababu ya daftari, baadaye kwa sababu nilikuwa na vidole vyembamba. Kanuni yake ilikuwa moja na aliirudia hadi ikanichosha: kabureta ni ya mwisho. Watu wengi gari likikosa hukimbilia kabureta, wakazungusha kila parafujo wanayoiona, na kuficha kosa moja nyuma ya kosa jingine. Tulianza na vali, injini ikiwa baridi. Nafasi ya vali za kuingiza ilikuwa milimita 0.10, na ya vali za kutoa 0.25, kwani hizi za kutoa hupitiwa na moto, huota joto zaidi, na chuma kikipata joto hurefuka. Unapitisha kipande chembamba cha bati katikati ya vyuma viwili. Kikipita bila kuguswa, pana wasaa mno. Kikikwama, umebana. Kinatakiwa kipite kama kwamba kinashikwa mkono na mtu asiyetaka uondoke. Nilijaribu vali moja mara kumi na moja. Vijana waliacha kucheka ilipofika ya nane, maana sikukosea tena.

Kisha pointi, zile za kukatiza umeme, milimita 0.40. Kisha cheche zenyewe, kwa mpango wa silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kwa kila hatua gari lilitengemaa kidogo, likaacha kutetemeka, likaanza kuwaka bila kubembelezwa. Moshi mweusi haukuondoka. Plagi mpya tulizozitia zilirudi zikiwa na masizi kama masufuria ya arusi.

Jumamosi ya nne fundi aliketi juu ya ndoo akaniuliza swali ambalo hakuwa ameliuliza. "Likienda Mombasa huwaje?"

"Hupona, Mzee."

"Hupona wapi?"

"Huanza Mtito Andei."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akafungua kabureta, akatoa kipande kidogo cha shaba nyeupe ya manjano, chenye tundu katikati kama jicho la sindano, akakisogeza machoni. Ilikuwa jeti kuu, mahali ambapo petroli yote hupita kabla ya kukutana na hewa. Juu yake pamechongwa nambari, na nambari hiyo hueleza upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ile ilikuwa ya usawa wa bahari.

Hapa naomba msomaji anivumilie. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyembamba: kila pumzi ina upungufu wa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pumzi ya Mombasa. Injini ya petroli huhitaji hewa yenye uzito wa mara kumi na nne na ushei ya uzito wa petroli. Kabureta ya zamani haina akili ya kutambua kwamba imepanda mlima. Inavuta kama ilivyozoea, hewa inakuja pungufu, petroli inakuja karibu kama ilivyokuwa, nayo injini inalishwa isichoweza kukimaliza. Masalio hutoka yakiwa moshi na masizi. Mengine, na hili ndilo lililomkunja fundi uso, huosha oili kwenye kuta za silinda, zikaachwa zikisuguana na ringi za pistoni kavukavu. Alipima nguvu ya mbano katika kila silinda akanionyesha: ya tatu na ya nne zilikuwa zimechoka. "Miaka kumi na sita," akasema. "Dawa yake ni tundu jembamba zaidi. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Hakuna aliyemwambia mzazi wako?"

Nilitembea kwenda nyumbani siku hiyo nikiwa na jeti mkononi, nikipita kando ya uwanja wa maonyesho, huku nikipanga maneno. Nilitarajia kumfurahisha Baba. Nilimkuta barazani akisoma gazeti, nikaifungua mbele yake ile karatasi, nikamweleza habari za hewa na mita na milimita kwa fahari ya mwanafunzi aliyeelewa jambo.

Hakuinua macho. "Najua."

"Unajua, Baba?"

"Fundi wangu wa Changamwe aliniambia mwaka ule ule tuliohama. Alitaka kunipa nyingine. Nikamwambia ya nini, nami narudi."

Nilikasirika. Sioni haya kulisema. Nilifikiria leso za Mama, na asubuhi nilizosukuma gari hilo nikiwa na sare ya shule, na silinda zile mbili. Nikamwambia kwamba petroli iliyopotea bure ingetosha kulipia karo ya muhula, na kwamba injini ilikuwa ikifa ili yeye asikiri kwamba anaishi Nairobi. Sauti yangu ilipanda kuliko inavyompasa mtoto kwa mzazi, na Mama akachungulia mlangoni.

Baba alikunja gazeti mara mbili, kisha mara ya tatu. Aliichukua jeti, akaigeuzageuza. Nilimwona akijaribu kuisoma ile nambari na kushindwa kwa sababu ya macho. "Itie hiyo nyingine," akasema hatimaye. "Hii niachie." Akainuka kwenda jikoni, akamwaga njiti za kiberiti ndani ya kikombe, akaiweka jeti ndani ya kiberiti kitupu. Kesho yake kiberiti kilikuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi.

Fundi alikwenda mwenyewe barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, akarudi na jeti ya pili. Tuliitia. Alizungusha distribyuta kiasi cha upana wa ukucha ili cheche iwahi kidogo, kwa kuwa katika hewa nyembamba moto hutambaa polepole. Akaniachia parafujo ya mwisho, ile ya kurekebisha mngurumo gari likiwa limesimama. Kuifunga polepole mpaka injini inakaribia kukata tamaa, kuifungua mpaka inaanza kuvimbiwa, halafu kutafuta katikati. Nilifumba macho. Kuna mahali ambapo sauti nne huwa sauti moja, na ukipapata mkono huacha wenyewe.

Sijui niieleze vipi miezi iliyofuata ila kwa kusema kwamba tulikuwa na gari. Jumapili alasiri Baba alinipeleka, au nilimpeleka, barabara ya Ngong hadi milimani. Viti vya 504 ni laini kama magodoro, na springi zake ndefu humeza mashimo ambayo magari mapya huyatangaza abiria wote wakayajua. Tulipanda Valley Road kwa gia ya tatu, na tukaipita matatu. Baba alipunga mkono. Septemba tulitembea kwa miguu hadi uwanja wa mbio za farasi kutazama maonyesho ya Concours, ambapo magari ya kale hupangwa nyasini na waamuzi huinama kukagua mpaka chini ya matumbo yao. Nilimshauri aingize letu mwaka unaofuata. Akaitazama injini moja iliyong'aa kuliko sahani za Mama, akaniuliza kama wenyewe huwa wanaliendesha kweli au wanalipeleka tu harusini.

Ilipofika Desemba tuliteremka Mombasa. Kwa mara ya kwanza gari liliondoka Nairobi likiwa zima. Lakini baada ya Kibwezi nikaanza kusikia mlio mkavu kila nilipokanyaga mafuta, kama kokoto ndani ya kopo. Mtito Andei ulizidi. Sasa gari la Nairobi lilikuwa na njaa: hewa imejaa, tundu ni jembamba, cheche inawahi mno. Baba alikuwa ametulia tuli. "Twende taratibu hadi Voi," alisema. Huko, kwenye kivuli cha mbuyu, alitoa kiberiti, akanyoosha mkono nimpe spana. Hakuniruhusu nimsaidie. Alifanya kazi ile kwa muda wa nusu saa, shati lake jeupe la safari likipata oili, akairudisha distribyuta nyuma upana wa ukucha, na akaitia jeti ya Nairobi ndani ya kiberiti. Kutoka pale hadi Makupa aliimba.

Tulifanya hivyo kila mwaka, tukishuka na tukipanda. Injini ilifunguliwa mwaka 2009, silinda zikatengenezwa, kwa fedha ambazo Mama hakuacha kuzitaja. Mama alistaafu, na hawakurudi. Kulikuwa na wajukuu Nairobi, na daktari, na baraza lenyewe. Baba alifariki mwaka 2015, nasi tukamzika Mombasa.

Mwaka uliofuata kaka alidai gari. Alisema Baba siku zote alilitaka Pwani. Nami nilisema mengi, kwamba yeye hajui hata pointi ni nini, na kwamba kila kinachozunguka ndani ya injini ile kimepita mikononi mwangu. Yote yalikuwa kweli. Mama alitusikiliza hadi mwisho. "Liende," akasema. "Baba yenu alisema miaka miwili."

Nililipeleka mwenyewe, peke yangu. Nilisimama Voi chini ya mbuyu ule ule, nikabadilisha, nikaendelea. Nilipomkabidhi kaka ufunguo nilimwonyesha kiberiti na kumwambia ni cha nini, lakini alikuwa akilitazama gari.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Alikuwa akisafisha dashibodi, amekuta kipande cha chuma ndani ya kiberiti kilichochakaa, anataka kujua kama kinahitajika au akitupe. Nikamwambia asome nambari iliyochongwa juu yake. Alikwenda kutafuta miwani, akarudi, akaisoma. Ilikuwa yenyewe. Akaniuliza kama nina mpango wa kulirudisha gari Nairobi. Nikamwambia sina. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia kisanduku cha dashibodi kikifungwa.